Hodhi la kuogea Eastlands: Pima maji na sakafu kabla ya urembo

WENYE nyumba wanaokarabati mabafu yao katika mitaa ya Buruburu, Donholm, Umoja na Komarock huenda wakavutiwa na kifaa kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi jijini Nairobi: hodhi la kuogea linalosimama peke yake, bila kushikanishwa na ukuta wala kuzungushiwa vigae. Hodhi hilo hupendeza macho. Hata hivyo, lilibuniwa kwa nyumba ambazo maji hutiririka mferejini usiku na mchana, jambo ambalo mkazi wa Eastlands hawezi kulitegemea.

Hodhi la wastani huchukua kati ya lita 150 na 250. Lita 200 ni mitungi 10 ya lita 20, ilhali anayeoga kwa ndoo humaliza mtungi mmoja au hata nusu yake. Mapema mwaka wa 2017 Nairobi iliingia katika mgao mkali wa maji baada ya kiwango kushuka katika Bwawa la Ndakaini, ambalo likijaa huwa na mita za ujazo milioni 70. Mvua za 2018 zililijaza bwawa hilo lakini mgao haukukoma, kwani mahitaji ya jiji yalikuwa yamepita uwezo wa mitambo na mabomba. Kwa hiyo, anayetaka hodhi aanze kwa kutazama tangi lake. Mwenye tangi la lita 1,000 akijaza hodhi la lita 200 mara moja tu, amemaliza sehemu moja kwa tano ya akiba ambayo huenda ikahitajika hadi siku ya mgao ifuatayo.

Ikiwa hesabu hiyo haimtishi, basi achague hodhi fupi, la sentimita 140 au 150, lililobana upande wa chini. Umbo hilo humfunika mwogaji kwa maji machache kuliko hodhi pana lenye sakafu bapa.

Aidha, kuna suala la presha. Kila mita 10 za kimo huleta presha ya bar 1. Tangi lililowekwa mita 2 tu juu ya mfereji hutoa moja kwa tano ya hiyo. Mifereji mingi ya kifahari inayouzwa pamoja na mahodhi haya ilitengenezwa kwa presha kubwa, na ikifungwa chini ya tangi kama hilo hudondosha maji kidogo kidogo. Shawa ya umeme nayo haisaidii. Kupasha moto lita 150 kutoka nyuzi 18 hadi 40 hutumia karibu uniti 4 za umeme, na kwa shawa ya kilowati 5 kazi hiyo huchukua takriban dakika 45. Maji ya kwanza yatakuwa yamepoa kabla ya ya mwisho kuingia. Asiye na mtambo wa sola au tangi la kuchemshia maji afadhali aahirishe ununuzi.

Jambo zito zaidi, kwa maana zote mbili za neno hilo, ni sakafu. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja. Hodhi la akriliki la kilo 40, likiwa na lita 200 za maji na mtu wa kilo 70, hufikisha kilo 310 katika eneo lisilofika mita moja na nusu za mraba. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida hukadiriwa kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Ghorofa iliyojengwa vyema huwa na ziada ya kuhimili mzigo wa namna hiyo mahali pamoja, lakini si kila jengo la Eastlands lilijengwa vyema. Jengo la ghorofa 6 lililoporomoka Huruma Aprili 2016, na kuua karibu watu 50, pamoja na lile la Tassia, Embakasi, lililoanguka Desemba 2019, yaliwaonyesha wakazi kwamba uimara wa kuta haubainiki kwa rangi. Mwenye bafu la ghorofani amwite mhandisi kabla ya kumwita fundi wa mabomba, na mpangaji asithubutu bila idhini ya mwenye nyumba. Hodhi la chuma, ambalo hupita kilo 100 likiwa tupu, lifaa sakafu ya chini pekee.

Wengine hutetea hodhi kwa hoja kwamba litakuwa akiba siku za mgao. Wazo hilo si geni: nyumba za kale za Lamu zilikuwa na birika bafuni, na samaki wadogo waliofugwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Lakini birika lilichotewa maji kwa kata. Hodhi ni pana na wazi, kizibo chake huvujisha polepole, na mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya sentimita chache tu. Penye watoto, tangi lenye kifuniko ni bora mara mia.

Maji ya kisima yenye chumvi, yanayouzwa katika baadhi ya mitaa, huacha utando mweupe na kula mifereji. Akriliki hustahimili zaidi, mradi isisuguliwe kwa sabuni ya unga. Pande zote ziachwe nafasi ya kupitisha kitambaa cha kupangusia, na sakafu iinamie tundu la kutolea maji, kwani hodhi lisilo na ukuta humwaga maji kila upande. Mlango na ngazi pia vipimwe. Hodhi lililokwama kwenye kona ya ngazi hurudi dukani kwa gharama ya mnunuzi.

Kabla ya vigae kuwekwa, fundi azibe tundu la sakafuni, aijaze sakafu maji ya kina cha sentimita chache na kuyaacha kwa saa 24. Kisha aende nyumba ya chini kutazama dari.