Hati ya Erbil, Bomba la Uturuki: Unanunua Nini Ukinunua Hisa za Kampuni Ndogo ya Mafuta

Mwanzoni mwa 2012 hisa moja ya Gulf Keystone Petroleum ilipanda ikapita pensi 400 kwenye soko la London. Kampuni hiyo ndogo ilikuwa imegundua mafuta mengi mwaka 2009 huko Shaikan, kaskazini mwa Iraki, katika Kurdistan, jimbo la Wakurdi, na uvumi ulikuwa umezagaa kwamba Exxon Mobil ingekuja kuinunua yote. Kufikia 2016 hisa ile ile ilikuwa inauzwa kwa pensi chache tu. Mafuta ya Shaikan yalikuwa pale pale ardhini, na visima viliendelea kutoa mapipa. Waliopoteza fedha zao hawakuponzwa na miamba.

Hiki ndicho kisa ninachokitoa kila ninapoulizwa kuhusu hisa za mafuta, na siku hizi naulizwa sana. Kijana wa Mombasa au Mwanza, na ndugu zetu walioko Muscat au Minneapolis, wanaweza kununua hisa za London, Oslo au Toronto kwa simu ya mkononi. Kampuni ndogo za mafuta zinawavuta kwa sababu hisa zake ni za bei rahisi na matumaini yake ni makubwa: kisima kimoja kikitoka vizuri, bei huweza kuongezeka mara kumi. Hilo limewahi kutokea kweli. Addax Petroleum, iliyokuwa na sehemu katika eneo la Taq Taq huko huko Kurdistan pamoja na visima Nigeria na Gabon, ilinunuliwa na Sinopec ya China mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni 7. Waliokuwa na hisa zake walitoka na faida nono, na tangu hapo kila kampuni ndogo iliyochimba Kurdistan iliuzwa kwa wawekezaji kama Addax ijayo.

Tuanze na swali ambalo wengi hulipita haraka: kwa nini eneo lenye mafuta mengi vile liliachiwa kampuni ndogo? Baada ya vita vya 2003 serikali ya Baghdad iliwaita wakubwa wa dunia, lakini kwa masharti magumu. Katika uwanja wa Rumaila, BP na CNPC ya China walikubali mwaka 2009 kulipwa dola 2 kwa kila pipa la nyongeza watakalozalisha. Mafuta yanabaki ya serikali, kampuni inalipwa ujira. Serikali ya jimbo la Kurdistan, yenye makao yake Erbil, ilitoa kitu kinono zaidi: mkataba wa kugawana uzalishaji. Katika mkataba wa aina hii kampuni huchimba kwa fedha zake, kisha ikipata mafuta hujirudishia gharama kutoka kwenye sehemu ya mapipa, na yanayobaki kama faida hugawanwa na serikali. Kwa mfumo huo kampuni inaruhusiwa kuandika sehemu yake ya mafuta kwenye vitabu vyake kama akiba, na bei ya hisa ya kampuni ndogo husimama karibu yote juu ya hesabu hiyo ya akiba.

Ukarimu huo ulikuwa na sababu. Bunge la Kurdistan lilipitisha sheria yake ya mafuta na gesi mwaka 2007. Baghdad ikasema jimbo halina mamlaka hayo, na kwamba mikataba yote iliyosainiwa Erbil ni batili. Aliyewahi kununua kiwanja Dar es Salaam au Nairobi akaja kuambiwa kuna mtu mwingine mwenye hati ya kiwanja hicho hicho hahitaji maelezo zaidi. Kampuni kubwa ziliogopa kufukuzwa kwenye visima vya kusini, nazo Baghdad iliziadhibu kweli: Sinopec, baada ya kuinunua Addax, ilizuiwa kushiriki zabuni za Iraki. Kampuni ndogo hazikuwa na chochote cha kupoteza huko kusini. DNO ya Norway ilikuwa imeshaingia Kurdistan tangu 2004, zikafuata Gulf Keystone, Genel na nyingine nyingi.

Kwa hiyo ukiona kampuni ndogo imepewa masharti mazuri kuliko yale wanayopewa wakubwa wa nchi hiyo hiyo, masharti hayo mazuri ndiyo onyo lenyewe. Anayetoa amepunguza bei kwa sababu hati anayotoa ina mashaka. Mimi husoma mkataba nikitafuta kwanza jina la aliyesaini, kabla ya kuangalia asilimia za mgawanyo.

Kisha kuna njia. Kurdistan haina bahari. Mafuta yake husafirishwa kwa bomba hadi bandari ya Ceyhan nchini Uturuki, au kwa malori. Mwaka 2014 Erbil ilianza kuuza nje kupitia bomba bila idhini ya Baghdad. Baghdad ikajibu kwa kuinyima Erbil mgao wake wa bajeti. Mwaka huo huo wapiganaji wa Dola la Kiislamu waliteka Mosul na kusogea karibu na Erbil yenyewe, kampuni zikaanza kuondoa wafanyakazi. Bei ya pipa, iliyokuwa juu ya dola 100 katikati ya 2014, ilishuka chini ya dola 30 Januari 2016. Serikali ya jimbo ilikuwa na wakimbizi, vita na mishahara ya watumishi. Ilipofika zamu ya kuwalipa wachimbaji, hazina ilikuwa tupu. Mafuta yalitoka Shaikan, yakauzwa, na kampuni iliyoyachimba ikabaki ikidai.

Hapa ndipo mwekezaji mdogo huumizwa na jambo ambalo hakulitazama. Gulf Keystone ilikuwa imekopa kwa hati fungani zaidi ya dola milioni 500. Mwenye hati fungani humtangulia mwenye hisa: kampuni ikishindwa kulipa, mkopeshaji ndiye anayeamua. Oktoba 2016 zaidi ya dola milioni 500 za deni ziligeuzwa kuwa hisa. Wakopeshaji wakawa wamiliki wa sehemu kubwa kabisa ya kampuni, na wanahisa wa zamani wakabakiwa na kipande kidogo. Kampuni ilipona, Shaikan iliendelea, na leo inaweza kusemwa kwamba waliosifia uwanja ule walikuwa sahihi. Lakini mwanahisa wa 2012 hakuwepo tena kwenye meza ya faida. Deni ndani ya kampuni inayomtegemea mlipaji mmoja, tena mlipaji mwenye vita mlangoni, naliogopa kuliko kisima kikavu. Kisima kikavu hukuonyesha hasara siku ile ile.

Si kwamba miamba haidanganyi. Genel ilianza mwaka 2011 kwa kishindo kikubwa: Tony Hayward, aliyewahi kuiongoza BP, pamoja na Nathaniel Rothschild walikusanya pauni bilioni 1.35 London kwa bei ya pauni 10 kwa hisa, wakaungana na Genel ya Uturuki. Fahari yake ilikuwa Taq Taq. Mapema 2016 makadirio ya akiba ya uwanja huo yalikatwa kutoka mapipa milioni 683 hadi 356, maji yakiingia visimani mapema kuliko ilivyotarajiwa, na hisa ikaanguka chini ya pauni 1. Akiba za mafuta ni makadirio ya wahandisi, na kampuni yenye uwanja mmoja mkuu haina pa kujificha makadirio yakibadilika.

Turudi kwenye hati. Februari 2022 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Iraki ilitamka kwamba ile sheria ya Kurdistan ya 2007 inapingana na katiba. Miaka 15 ya mikataba ikawa imejengwa juu ya sheria iliyobatilishwa. Mwaka uliofuata lilikuja pigo zito zaidi, kutoka mahali ambapo kampuni hazikuwa na sauti. Iraki ilikuwa imeishtaki Uturuki mbele ya mahakama ya usuluhishi iliyokaa Paris, ikidai kwamba Uturuki ilivunja mkataba wa bomba kwa kuruhusu mafuta ya Wakurdi kupita bila idhini ya Baghdad. Iraki ikashinda, Uturuki ikaamriwa kulipa takriban dola bilioni 1.5, na tarehe 25 Machi 2023 Uturuki ikafunga bomba. Mapipa kama 450,000 kwa siku yakasimama. Kampuni zilizochimba mafuta hayo hazikuwa upande wowote wa kesi hiyo, na usiku mmoja zikabaki bila mnunuzi, huku Gulf Keystone peke yake ikiidai serikali ya jimbo zaidi ya dola milioni 150 za miezi iliyotangulia.

Lililofuata ndilo lenye mafunzo zaidi kwangu katika kisa hiki chote. Kampuni zilianza kuuza kwa wafanyabiashara wa ndani, kwa malori, kwa dola 30 hivi kwa pipa wakati bei ya dunia ilikuwa karibu dola 80. Kwa macho ya haraka hiyo ni hasara tupu. Lakini wanunuzi hao walilipa kwanza, ndipo lori likapakiwa. Gulf Keystone ilisitisha gawio mwaka 2023, ikapunguza matumizi, na kufikia 2024 ilikuwa inawarudishia tena wanahisa fedha. Kwa kampuni ndogo katika nchi tete, dola 30 iliyopo mkononi ina nguvu kuliko dola 80 inayodaiwa kwa serikali isiyo na bajeti. Ndiyo maana katika taarifa ya hesabu mimi huanzia kwenye madeni ambayo kampuni inawadai wengine: ni kiasi gani, kwa nani, na malipo ya mwisho yaliingia mwezi gani. Kampuni inayotangaza mauzo yakipanda kila robo mwaka huku madeni hayo yakivimba inakuuzia namba ambazo hazijawa fedha.

Msomaji wa Afrika Mashariki na Kongo hahitaji kwenda Kurdistan kuona hati mbili. Mwaka 2006 kampuni za mafuta za Tullow na Heritage Oil zilisaini mkataba na serikali ya Kinshasa kwa maeneo ya 1 na 2 upande wa Kongo wa Ziwa Albert. Mwaka 2008 eneo la 1 likapewa kundi lililoongozwa na kampuni ya Afrika Kusini iitwayo Divine Inspiration. Mwaka 2010 amri ya Rais Joseph Kabila ikayakabidhi maeneo hayo kwa Caprikat na Foxwhelp, kampuni mbili zilizosajiliwa katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Ziwa lile lile, mafuta yale yale, waliosaini watatu.

Ng'ambo ya pili ya ziwa, Uganda, mambo yalikwenda vizuri zaidi, na hata hivyo faida ilikuja na kesi. Heritage iliiuzia Tullow maeneo yake mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.45. Mamlaka ya Mapato ya Uganda ikadai kodi ya zaidi ya dola milioni 400 juu ya mauzo hayo. Heritage ikakataa, Tullow ikalipa dola milioni 313 kwa niaba yake, kisha ikaidai Heritage mbele ya mahakama ya London na kushinda mwaka 2013. Naona Uganda ilikuwa na haki: faida ilitokana na ardhi yake. Mwekezaji anayepiga hesabu ya mauzo bila kutoa kodi ya nchi husika anajidanganya, hata kama wakili wa kampuni anamwambia kodi hiyo haipo.

Wengine hujifariji kwa usuluhishi wa kimataifa: serikali ikivunja mkataba, tutashtaki. Itazame kampuni ya Savannah Energy. Desemba 2022 ilinunua visima vya Exxon Mobil nchini Chad pamoja na sehemu ya bomba la kwenda Cameroon, kwa dola milioni 407, ingawa serikali ya Chad ilikuwa inapinga mauzo hayo. Machi 2023 Chad ikavitaifisha. Kampuni ikaenda kwenye usuluhishi, safari inayochukua miaka na kula fedha za mawakili wakati mapato yamekatika. Na kushinda hakujahakikishwa: Genel ilinyang'anywa maeneo mawili ya gesi Kurdistan mwaka 2021, ikashtaki, na mwishoni mwa 2024 ikashindwa.

Je, nasema watu wasiguse hisa hizi? Hapana. Nimeona kampuni zilizodumu, na karibu zote zilikuwa na deni dogo, fedha taslimu za kuvuka mwaka mzima bila malipo, gharama ndogo kwa kila pipa, na wakuu waliowekeza fedha zao wenyewe. Sehemu ya akiba yako inayoweza kuingia humo ni ile ambayo ikipotea yote ada ya mtoto bado italipwa. Fedha za chama, za harambee au za kiinua mgongo zisiingie kabisa.

Mafuta ya Kurdistan yalianza kupita tena kwenye bomba tarehe 27 Septemba 2025, chini ya makubaliano ya muda kati ya Baghdad, Erbil na kampuni, yenye malipo ya awali ya dola 16 kwa pipa kufidia uzalishaji na usafirishaji. Miezi miwili kabla, mashambulizi ya droni yalikuwa yamepiga viwanja kadhaa, vikiwemo vya DNO, na Shaikan ikafungwa kwa tahadhari. Gulf Keystone iliingia kwenye makubaliano. DNO, mkongwe wa eneo hilo, haikusaini. Ilichagua kuendelea kuuza kwa wanunuzi wa ndani wanaolipa kwanza, hadi ipate uhakika wa kulipwa madeni yake ya zamani. Kwa upande wake Uturuki ilitangaza Julai 2025 kwamba mkataba wa bomba na Iraki, uliosainiwa 1973, utakoma tarehe 27 Julai 2026. Anayefikiria kununua hisa za kampuni yoyote ya Kurdistan aanze na hatima ya mkataba huo, kisha ndipo afungue ripoti ya visima.