Usonji na Vidonge vya Antioksidanti: Damu Si Mtoto

Kwa miaka mingi wazazi wa watoto wenye usonji wamekuwa wakiwasimulia madaktari jambo la kushangaza. Mtoto asiyemtazama mtu usoni, anayerukaruka na kurudia neno lilelile kutwa nzima, akishikwa na homa hutulia. Humtazama mama yake, pengine hata husema. Homa ikishuka, hurudia hali yake. Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Kennedy Krieger, mjini Baltimore nchini Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 30 wa aina hiyo walipopata homa. Wazazi hawakuwa wakijidanganya: wengi wa watoto hao walipata nafuu ya tabia.

Joto la homa huzifanya seli za mwili zitengeneze kinga zake za ndani. Likazuka swali: je, kinga hizo zinaweza kuamshwa bila mtoto kuugua?

Ili kulielewa swali hilo, tuanze na kazi ya seli. Kila seli huchoma chakula kwa oksijeni ili ipate nguvu. Kazi hiyo huacha mabaki makali yaitwayo radikali huru, ambayo hushambulia mafuta, protini na hata vinasaba, kama kutu inavyolila jembe lililoachwa kwenye umande. Vinavyoyazima mabaki hayo ni antioksidanti. Baadhi tunazipata kwenye chakula, kama vitamini C na E; nyingine mwili hujitengenezea wenyewe, na kubwa kati ya hizo ni glutathioni. Mabaki yakizidi uwezo wa kuyazima, hapo ndipo kuna msongo wa oksidi. Ubongo ndio ulio hatarini zaidi, kwa sababu una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote.

Mwaka 2004 mtafiti Jill James na wenzake katika jimbo la Arkansas, Marekani, walipima damu ya watoto 20 wenye usonji na kuilinganisha na ya watoto 33 wasio nao. Glutathioni ya wenye usonji ilikuwa chini. Tafiti nyingi zilizofuata zimeona hivyohivyo, kwa hiyo jambo lenyewe halina ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye maana yake. Watoto wengi wenye usonji huchagua sana chakula, hulala kwa taabu, na baadhi hutumia dawa kila siku. Yote hayo yanaweza kuigusa damu. Usonji kwa kiasi kikubwa hutokana na vinasaba na huanza kabla ya kuzaliwa. Damu ya mtoto wa miaka saba haiwezi peke yake kutuambia kipi kilitangulia.

Njia ya kujua ni kutoa dawa na kuangalia. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao wa Boston waliwapa vijana wa kiume wenye usonji sulforafani, kemikali ya brokoli inayoamsha kinga za seli. Vijana walikuwa 44, wa miaka 13 hadi 27, na baadhi yao walipewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya wiki 18, waliotumia sulforafani walionyesha nafuu ya wazi ya tabia. Walipoacha, nafuu ikaanza kupotea. Habari hiyo ilienea haraka, na ni haki yake. Lakini wawili kati ya waliopewa dawa, ambao waliwahi kuwa na kifafa, walipata degedege, na hilo halikusimuliwa sana. Mwaka 2021 jaribio la watoto 57 wa miaka 3 hadi 12 likatoa jibu baridi. Vipimo vya damu vilisogea upande mzuri, ila kwenye kipimo kikuu cha tabia tofauti haikutosha kuthibitisha chochote.

Hali ni hiyohiyo kwa N-asetili-sisteini, dawa ambayo hospitalini huwaokoa waliozidisha parasetamoli kwa kuurudishia mwili glutathioni. Jaribio dogo la Chuo Kikuu cha Stanford la mwaka 2012 lilionyesha kuwa iliwapunguzia watoto hasira. Jaribio jingine la mwaka 2016 liliongeza glutathioni kwenye damu, lakini uwezo wa watoto kuhusiana na watu haukubadilika.

Hapo ndipo wafanyabiashara wanapopenya. Muuzaji huonyesha karatasi ya maabara, mzazi akaona tarakimu imepanda, akalipa. Wengine huuza hatari tupu. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya dhidi ya “Miracle Mineral Solution”, maji yanayonadiwa kuwa yanatibu usonji. Yakichanganywa kama muuzaji anavyoelekeza, hugeuka klorini dioksidi, kemikali ya kupaushia, ambayo yenyewe ni kioksidishaji kikali!

Mzazi, mlishe mwanao mboga za majani. Sukuma wiki na kabichi ni za jamii moja na brokoli, na ni chakula chema kwa kila mtoto. Lakini usinunue chupa ya antioksidanti kabla ya kumwona daktari, hasa kama mtoto ana kifafa au anatumia dawa nyingine. Na anayekuuzia akikuonyesha majibu ya damu, muulize: watoto waliotumia walianza kuongea, kulala, kucheza na wenzao? Nani alipima, na waliolinganishwa nao walipewa nini? Akishindwa kujibu, fedha hiyo ipeleke kwa mtaalamu wa lugha na mawasiliano.