Musimamizi wa Farasi: Kazi ya Usiku na Kazi ya Buku

Tukisikia neno "musimamizi", wengi wetu tunawaza mutu wa kukaa kwenye kiti na kuamuru wengine. Leo tunapenda kuwaeleza kazi ya musimamizi wa ferme ya kuzalisha farasi, kama zile za Newmarket katika Uingereza ao za Kentucky katika Marekani. Huko wanafuga farasi wa mashindano ya mbio, aina ya Thoroughbred.

1. Kuhesabu miezi. Farasi jike anabeba mimba karibu miezi 11, na kwa kawaida anazaa mutoto mumoja tu. Katika nchi zile, farasi wote wa aina hii wanaongezwa mwaka siku moja, tarehe 1 Januari. Basi mutoto wa Februari na mutoto wa Mei watahesabiwa umri mumoja, lakini yule wa Februari amekwisha kupata nguvu. Ndiyo sababu musimamizi anataka majike wazae mapema. Lakini wakati wa baridi muchana ni mufupi, na jike hamutaki dume. Kwa hiyo tangu Desemba wanawasha taa ndani ya zizi, mpaka jike apate saa 16 za mwangaza kila siku. Mwili wake unazani jua limerudi.

2. Kukesha. Majike wengi wanazaa usiku, basi watu wanalinda kwa zamu. Mutoto anapashwa kusimama katika saa 1, kunyonya katika saa 2, na kondo la nyuma kutoka katika saa 3. Ikikosa vile, wanaita munganga wa nyama mbio. Mutoto wa farasi anazaliwa karibu bila kinga ya magonjwa. Anaipata katika maziwa ya kwanza. Kisha siku moja, matumbo yake hayawezi tena kuipokea.

3. Kuandika. Jina la dume, tarehe ya kupandisha, siku ya kuzaliwa: yote inaingia katika buku. Uingereza walianza kuchapa buku la uzao wa farasi hawa mwaka 1791. Na hapa ndipo jaribu liko. Mutoto akizaliwa usiku wa tarehe 31 Desemba, kesho yake anahesabiwa kuwa na mwaka muzima! Ni hasara kubwa. Je, kuandika "1 Januari" ni vigumu? Kipimo cha ADN kinaonyesha baba na mama, lakini hakionyeshi saa ya kuzaliwa.

Usiku ule mwenye ferme amelala, mukaguzi iko mbali. Amebaki musimamizi, taa yake na kalamu. Mezali 27:23 inatufundisha kujua vizuri hali ya makundi yetu. Sisi wanafunzi farasi hatuna. Lakini kesho tutakuwa waalimu, waganga, watunza sanduku la kanisa, na kila mumoja atapewa buku lake. Tuandike kile kilichotokea, hata kama hakuna mutu anayetuangalia.