Tangazo Lisilopiga Hodi

Kwa familia nyingi za Ghubra zenye ndugu Unguja, Pemba au Mombasa, Kiswahili cha kila siku kinaishi ndani ya WhatsApp. Bibi hutuma ujumbe wa sauti, shangazi huweka picha za harusi kwenye stetasi, na habari ya msiba hufika humo kabla ya simu kupigwa. Ndiyo baraza yetu. Kwa hiyo uamuzi uliotangazwa Juni 2025 unatugusa: Meta, kampuni inayoimiliki WhatsApp, ilisema itaweka matangazo ya biashara katikati ya stetasi.

Baraza ina adabu zake. Muuza kahawa hupita. Akiitwa humimina, asipoitwa huenda zake. Tangazo la stetasi halingoji kuitwa. Unamtazama bibi harusi, unagusa kioo uone picha inayofuata, unakutana na makochi ya mkopo.

Mwanzo haukuwa huu. Jan Koum na Brian Acton walianzisha WhatsApp mwaka 2009. Mwaka 2012 Koum aliandika kueleza kwa nini hawauzi matangazo: penye matangazo, mtumiaji mwenyewe ndiye bidhaa. Wao walitoza dola 1 kwa mwaka. Facebook ikainunua kampuni mwaka 2014, na mwaka 2016 ada ikafutwa. Acton aliondoka 2017, Koum 2018. Wahenga walisema rahisi ghali.

Baadhi yetu klabuni hawaoni tatizo. Huduma inahitaji fedha, wanasema, na Meta imeeleza kwamba mazungumzo, simu na vikundi havitumiki kuchagua matangazo. Ni hoja ya haki. Lakini Meta hiyohiyo imeeleza kinachotumika: nchi au mji ulipo, chaneli unazofuata, matangazo unayoyagusa, na lugha. Hapo kwenye lugha ndipo tuliposimama. Kiswahili ambacho wazee wetu walikuja nacho Maskati kutoka Zanzibar sasa ni alama ya kumtafutia muuzaji mteja.

Oman ina Sheria ya Kulinda Data Binafsi, Amri ya Kifalme namba 6/2022, iliyoanza kutumika Februari 2023. Inakataza kumtumia mtu matangazo bila idhini yake ya maandishi. Tunawaachia wasomaji, hasa walimu wetu, swali hili: kubonyeza "nakubali" chini ya kurasa ambazo hakuna aliyezisoma, je, ni idhini?

Wakati tunajadili, yapo ya kufanya. Tangazo linaweza kufichwa na mtangazaji akazuiwa. Kuiunganisha WhatsApp na akaunti za Facebook na Instagram ni hiari, na anayeunganisha huongeza taarifa zinazotumika kumchagulia matangazo. Habari za nyumbani tuzipeleke kwenye kikundi cha familia badala ya stetasi. Na tukae na bibi zetu, simu mkononi, tuwaonyeshe lipi ni tangazo na ipi ni picha ya mjukuu.