Kisiwa cha Krete: uende mwezi gani?

Wiki hii tulipokea swali la mama mmoja wa Tanga, msikilizaji wa kipindi chetu cha asubuhi. Binti yake anafanya kazi Ujerumani na amemwahidi safari: mama akienda kumtembelea, watatoka pamoja na wajukuu kwa wiki moja hadi kisiwa cha Krete, Ugiriki. Binti anapendekeza Agosti, kwa sababu shule za watoto zimefungwa. Mama ana presha, na anataka kujua kama joto la huko ni sawa na letu. Muda wa hewani haukutosha kumjibu vizuri, ndiyo maana tumeandika makala haya.

Krete ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki na cha tano kwa ukubwa katika Bahari ya Mediterania. Kina urefu wa kilomita 260 hivi, na eneo lake ni karibu mara tano ya Unguja. Katikati kuna milima mirefu. Mlima Psiloritis una mita 2,456. Miji mikubwa kama Heraklion na Chania iko pwani ya kaskazini.

Majira yao na yetu

Sisi tunahesabu mwaka kwa mvua na upepo: masika, kipupwe, vuli, kaskazi na kusi. Tukisoma habari za Ulaya tunakuta maneno hayohayo yametumika kwa majira mengine kabisa, na hapo ndipo tunapochanganyikiwa. Vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Vuli ya Ulaya ni wakati majani yanapopukutika na joto linapopungua.

Kanuni ya Mediterania ni rahisi: mvua huja na baridi, ukavu huja na joto. Mvua nyingi ya Krete hunyesha kati ya Novemba na Machi, na Julai na Agosti ni karibu kavu kabisa. Yaani miezi ambayo Tanga tunapata ubaridi kidogo, wao ndio wako katikati ya joto.

Tofauti ya pili ni urefu wa mchana. Kwetu jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Krete, mwishoni mwa Juni, jua huchomoza kama saa kumi na mbili asubuhi na kuzama saa mbili na dakika arobaini usiku. Jua linachoma kwa zaidi ya saa kumi na nne, na mara nyingi hakuna wingu la kulipunguza.

Julai na Agosti

Kwa wastani, joto la mchana mwezi Agosti mjini Heraklion ni nyuzi 29 hivi. Mkazi wa Tanga anayeijua Februari yetu hatashtuka. Lakini wastani huficha mengi. Zipo siku ambazo upepo wa kusini hutoka jangwa la Sahara, huvuka bahari, hupanda milima ya kisiwa na kushuka upande wa kaskazini ukiwa mkavu na wa moto. Siku hizo joto linaweza kupita nyuzi 40.

Hatari hii si ya kufikirika. Juni 2024, wakati wa wimbi la joto kali, watalii kadhaa walikufa Ugiriki baada ya kutoka kutembea kwa miguu. Mmoja wao alikuwa Michael Mosley, mtangazaji maarufu wa Uingereza aliyesomea udaktari. Aliondoka ufukweni peke yake mchana katika kisiwa kidogo cha Symi, na mwili wake ulipatikana siku kadhaa baadaye. Mtu aliyefundisha wengine kutunza afya kwa miaka mingi hakusalimika.

Miezi hii ina mazuri yake pia. Bahari ni vuguvugu, na upepo wa kaskazini uitwao meltemi hupunguza joto. Kaskazi yao, kwa hiyo, huvuma wakati sisi tuko kwenye kusi. Ukizidi, meltemi huinua mawimbi kwenye fukwe za kaskazini, na watoto hawafai kuogelea. Vilevile Agosti ni mwezi wa likizo kwa sehemu kubwa ya Ulaya, na tarehe 15 Wagiriki huadhimisha sikukuu kubwa ya Bikira Maria. Vyumba hujaa na bei hupanda.

Aprili hadi Juni mapema

Huu ndio wakati kisiwa kina kijani na maua, baada ya mvua za baridi. Anayependa kutembea na kuona magofu atafurahi. Jumba la kale la Knossos, karibu na Heraklion, lina sehemu kubwa zisizo na kivuli, hivyo Mei ni afadhali sana kuliko Julai. Bonde la Samaria, lenye njia ya kilomita 16 kutoka milimani hadi baharini, kwa kawaida hufunguliwa Mei na kufungwa mwishoni mwa Oktoba.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, maji ya bahari huchelewa kupata moto kama yanavyochelewa kupoa. Mwezi Mei hewa ni nzuri lakini bahari ina nyuzi 19 au 20 tu, na kwa aliyezoea maji ya Tanga hiyo ni baridi. Pili, Pasaka ya Waorthodoksi mara nyingi haiangukii siku moja na ya Wakatoliki na Waprotestanti. Mwaka 2027, kwa mfano, hao wataadhimisha tarehe 28 Machi na Waorthodoksi tarehe 2 Mei. Wagiriki wengi husafiri wakati wa Pasaka yao, kwa hiyo angalia tarehe kabla ya kulipia.

Septemba na Oktoba

Hapa hesabu ya bahari inageuka. Jua limepungua ukali, lakini maji bado yana joto la kiangazi, karibu nyuzi 25 mwezi Septemba. Shule nyingi za Ulaya zimefunguliwa, watu wamepungua, na bei huanza kushuka. Zabibu huvunwa kuanzia Agosti hadi Septemba. Kuelekea mwisho wa Oktoba mvua za kwanza zinaweza kuanza.

Novemba hadi Machi

Hoteli nyingi za fukweni hufungwa na ndege za moja kwa moja kutoka miji ya Ulaya hupungua sana. Milimani kuna theluji, na vijijini watu wanavuna zeituni. Feri kutoka Piraeus huendelea kufanya kazi, ila upepo mkali unaweza kuzisimamisha.

Wasomaji wa Biblia wanalijua hili. Katika Matendo ya Mitume sura ya 27, Paulo anafika Bandari Nzuri, kusini mwa Krete, majira yakiwa yamekwisha kuwa mabaya. Anaonya wasiendelee, anapuuzwa, dhoruba inawachukua hadi Malta na jahazi linavunjika. Wote 276 wanaokoka. Bandari ile ipo hadi leo, na kwa Kigiriki jina lake lina maana ileile.

Jibu letu kwa mama

Mama yetu, kama binti anaweza kupata ruhusa kazini na shuleni, ombeni nusu ya pili ya Septemba au mwanzo wa Oktoba. Utaoga baharini bila kutetemeka na utatembea bila kuhofia jua. Baadhi ya majimbo ya Ujerumani hufunga shule kwa likizo fupi mwezi Oktoba. Binti aangalie kalenda ya jimbo lake.

Ikilazimu iwe Agosti, panga siku kwa jua. Matembezi yaishe kabla ya saa nne asubuhi, mchana mkae ndani, jioni mtoke tena. Usitembee peke yako njia za milimani, na beba maji hata kwa safari fupi. Kabla ya kuondoka zungumza na daktari wako, kwa sababu baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kutoa maji mwilini, huongeza hatari wakati wa joto kali.

Usisahau viza. Viza ya Schengen ya Ujerumani hukuruhusu kuingia Ugiriki pia, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Ukilenga Septemba, anza Aprili.

Na wajukuu wakikuuliza kwa nini hamkwenda Agosti, waambie bibi alitaka maji ya moto bila jua la moto. Safari njema, mama.