Mtoto na mkono wa Idi: aende peke yake lini?

Kila Idi, mara tu swala inapomalizika na wazee kuanza kupeana mikono, watoto wa Kariakoo, Gerezani na Ilala huwa wameshagawana njia. Wavulana wamo ndani ya kanzu ambazo bado zina mikunjo ya dukani, wasichana wametundika vipochi begani. Huyu anakwenda kwa bibi, hawa kwa ami yao, na wale wengine popote watakapouona mlango uko wazi. Salamu hutolewa, Idi Mubarak husemwa, kisha mkono hunyooshwa na haurudi mpaka umepata kitu. Ndio mkono wa Idi, ada njema tuliyoirithi, inayomfanya mtoto aione sikukuu kuwa ni yake pia.

Ada ya watoto kuzunguka majumbani si yetu peke yetu. Oman, ambako jamaa zetu wengi wanaishi, watoto huzunguka usiku wa katikati ya Ramadhani katika sherehe yao ya Qaranqashoh na kurudi na peremende na njugu. Marekani wana usiku wao wa tarehe 31 Oktoba, ambao si wetu wala hatuuhitaji. Lakini swali linalowakosesha wazazi usingizi huko kote ni lilelile linaloulizwa majumbani mwetu usiku wa kuamkia Idi: huyu bado aende na mtu mzima, au sasa aachwe aende na wenzake?

Wengi hujibu kwa kutaja umri. Mmoja husema miaka minane, mwingine kumi, wa tatu husubiri mtoto afike darasa la tano. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, lakini mama wa Mtaa wa Sikukuu hatapata humo jibu la kama mwanawe aweza kuvuka Msimbazi bila kushikwa mkono. Sisi tunaona kwamba umri ni kipimo dhaifu. Wapo watoto wa miaka minane wanaojua kurudi nyumbani, na wapo wa kumi na tatu wanaofuata kila linalong'aa.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 6, Allah (SW) anawaagiza walezi wa mayatima wawajaribu mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiuona uwongofu kwao ndipo wawakabidhi mali zao. Aya hiyo ni ya mali, wala hatudai kuwa inazungumzia mkono wa Idi. Hata hivyo utaratibu wake unatufaa sana. Umri umetajwa, lakini haukutosha peke yake. Kuna kujaribiwa kabla, na kuna jicho la mlezi linalotafuta dalili. Mzazi anayempa mtoto ruhusa asubuhi ya Idi bila ya kumjaribu hata mara moja ameuruka mlango wa kwanza.

Na majaribio hayo tunayo, tena ya siku 29 au 30. Mtume (SAW) alimwusia Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi azidishe maji na awakumbuke majirani zake, na katika mitaa yetu wasia huo hutekelezwa na miguu ya watoto. Alasiri ya Ramadhani sahani hutoka nyumba hii kwenda ile, imefunikwa kwa kawa, imebebwa na mtoto. Mtume huyo mara ya kwanza nyumba ya pili, umwangalie kutoka barazani. Wiki inayofuata mtume hadi mwisho wa mtaa. Kisha mvushe njia, nyuma yake akiwapo kaka au dada asiyejionyesha. Tazama kama alisimama kabla ya kuvuka, kama alipita njia uliyomwelekeza, kama alirudi moja kwa moja au alipotelea kwenye duka la michezo ya video. Muulize alimkuta nani na aliambiwa nini. Ikifika mwandamo wa mwezi huna haja ya kuuliza jirani mwanao ana umri gani wa kutembea, umeshamwona akitembea.

Asikosee mtu akadhani kuchelewa mara moja ni kufeli. Muslim amepokea kisa cha Anas bin Malik, ambaye akiwa mtoto alitumwa na Mtume (SAW) shughuli, akapita kwa watoto waliokuwa wakicheza sokoni. Akiwa hapo, Mtume (SAW) akaja nyuma yake akamshika kisogoni huku anacheka, akamuuliza kama alikwenda alikotumwa. Tunapenda kila kipande cha kisa hiki: mtoto alitumwa peke yake, soko lilimteka kama linavyowateka wetu, mkubwa akamfuatilia, na hapakuwa na bakora.

Wapo watakaosema kuwa wao walianza kuzunguka wakiwa na miaka sita na hawakupatwa na lolote. Ni kweli, lakini Kariakoo waliyoizunguka siyo hii. Ile ilikuwa ya nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma na baraza mbele. Mtoto alipita baina ya macho. Mzee wa barazani alimjua kwa jina la baba yake, na akimkuta mbali na kwao alimrudisha. Leo baraza nyingi zimekuwa fremu za maduka, juu yake zimepanda ghorofa, na ngazini wanapanda wateja na wapagazi ambao hakuna anayewajua. Njiani nako kuna bodaboda zinazokuja kinyume, maguta yaliyosheheni marobota, na tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi, ambayo katika Msimbazi yana njia zao katikati ya barabara. Mtoto aliyefundishwa kuangalia upande mmoja kisha akimbie, hapo ataangamia.

Kuna wanaouliza pia: mbona huyu huyu huenda madrasa peke yake kila siku? Huenda, lakini kwa njia moja anayoijua, na mwalimu anayemsubiri. Siku ya Idi njia haina mwisho, kila mlango unazaa mlango, na mfukoni mna fedha ambazo wakubwa wenzake wanazijua. Kwa hiyo ruhusa ya kwanza iwe ya nyumba za kuhesabika, zinazotajwa kwa majina kabla hajatoka, na fedha zikizidi apite nyumbani kuziweka.

Kuhusu wenzake, tumkumbuke Nabii Yaaqub (AS). Hakumtuma Yusuf peke yake. Alimtoa pamoja na kaka zake, kwa maneno ya kwenda kucheza, na ni hao waliomtia kisimani. Kundi peke yake si ulinzi. Mjue mkubwa wao ni nani, na mwambie mbele ya wadogo kwamba wote wanaotoka pamoja watarudi pamoja.

Lipo jingine ambalo wazazi hulimeza kwa haya, na haya hiyo haina kheri. Aghalabu anayemdhuru mtoto si mgeni wa njiani, bali ni mtu anayemjua. Basi mtoto, wa kike na wa kiume, afundishwe kwa maneno ya wazi: mkono wa Idi hupokelewa mlangoni au sebuleni penye watu, chumbani haingii hata akiitwa na jamaa, na hakuna zawadi ya siri ambayo mama haitakiwi kuijua. Anayeona dalili za mtoto kudhuriwa, nambari 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto inapigwa bila malipo.

Nyumba za majirani ni jambo moja, viwanja vya starehe ni jingine kabisa, na hapa hatubembelezi. Tarehe 1 Oktoba 2008, katika sherehe za Idi al-Fitr, watoto wapatao 20 walikufa mjini Tabora kwa kukosa hewa na kukanyagana katika ukumbi wa disko uliofurika. Walikuwa wamevaa nguo mpya kama hizi tunazonunua sisi. Ukumbi, ufukwe wa Coco na msongamano wa Mnazi Mmoja haviingii katika ruhusa ya kwenda kwa bibi, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi, maana ukinyamaza ataelewa kuwa umekubali.

Saa ya kurudi isihitaji kubishaniwa. Bukhari na Muslim wamepokea agizo la Mtume (SAW) la kuwazuia watoto kutoka pindi usiku unapoingia. Adhana ya Magharibi imkute mtoto nyumbani. Akiwa hana saa, adhana ya Alasiri ndiyo ya kumkumbusha kugeuza njia. Akipotea aingie msikiti ulio karibu, Mtoro, Manyema au Idrisa, au aulize Kituo cha Polisi Msimbazi, naye awe ameihifadhi nambari ya simu ya mzazi kichwani. Kikaratasi cha mfukoni huanguka pamoja na noti.

Wenye nyumba nao wana sehemu yao. Mlinzi wa ghorofa anayewafukuza watoto getini asubuhi ya Idi hana kosa ikiwa hakuna aliyemwambia. Wakazi wa jengo waweza kukubaliana usiku wa mwezi: familia mbili zishuke baada ya swala, ziweke mkeka na sinia ya kashata chini ya ngazi, pawe na bibi mmoja anayeuliza kila mtoto ni wa nani na anatoka mtaa gani, kabla ya kumpa chake.