Kibaba cha Damu

Je, wajua kwamba kipimo cha haraka cha malaria kinahitaji damu mikrolita 5 tu? Mikrolita ni sehemu moja ya milioni ya lita. Tone la maji la kawaida lina kama mikrolita 50, kwa hiyo kinachotakiwa ni sehemu ya kumi ya tone. Damu ikipungua, mstari wa kuonyesha malaria kwenye karatasi ya kipimo unaweza kufifia au usionekane kabisa, mgonjwa akaambiwa hana malaria. Ikizidi, karatasi yote huwa nyekundu na mstari ukazama humo. Na anayepima ni mhudumu wa zahanati mwenye foleni mlangoni na mtoto anayepiga mateke mbele yake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwapa wahudumu zaidi ya 200 wa Uganda, Nigeria na Ufilipino vifaa vitano vya kuchotea damu hiyo, kuanzia kitanzi cha plastiki na mrija wa kioo hadi kikombe kidogo kwenye ncha ya kijiti. Kikombe ndicho kilichokaribia zaidi mikrolita 5. Hakina mpira wa kubinya wala alama ya kukodolea macho. Unagusisha mdomo wake kwenye damu kidoleni, damu inapanda yenyewe na kukijaza, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa kibatari. Ukikigusisha kwenye karatasi ya kipimo, nyuzi za karatasi huivuta damu kwa nguvu kuliko kikombe, nayo inashuka. Ni kibaba kile kile cha muuza mchele: ujazo umo ndani ya chombo, haumo mkononi mwa anayepima. Ila kibaba cha mchele hupunjwa; hiki, hata ukitaka kumpendelea mtu, hakikubali.

Je, wajua kwamba tone si kipimo? Mwaka 1864 Mwingereza Thomas Tate alionyesha kuwa uzito wa tone linaloning'inia hutegemea upana wa mdomo wa mrija, pamoja na nguvu ya ile kama ngozi iliyo juu ya kimiminika, inayolishikilia lisianguke. Spiriti ngozi yake ni dhaifu, ndiyo maana tone lake halifiki nusu ya tone la maji lililotoka kwenye mrija uleule. Tazama mpira wa dripu hospitalini: mwingi huandikwa matone 20 kwa mililita, na ule wa watoto wachanga matone 60, kwa kuwa mdomo wake ni mwembamba zaidi. Anayekwambia “weka matone matatu” bila kukuonyesha chupa hajakwambia mengi.

Hadi katikati ya karne iliyopita, wanamaabara walipima sampuli kwa kuzinyonya kwa mdomo kupitia mrija wa kioo, hata zile zenye vijidudu. Mwaka 1957, mjini Marburg, Ujerumani, daktari kijana Heinrich Schnitger alichoka na kazi hiyo akaunda pipeti ya pistoni inayobonyezwa kwa dole gumba. Ukiingia maabara yoyote leo, utaikuta.

Je, wajua kwamba printa ya wino ya ofisini ni fundi wa vitone? Mwaka 1977, katika maabara ya Canon nchini Japani, chuma cha moto cha kulehemu kiligusa kwa bahati mbaya sindano iliyokuwa na wino, na wino ukaruka nje. Ajali hiyo ikazaa mashine. Kichomeo kidogo hupasha wino kwa muda mfupi mno, povu linafumuka na kusukuma kitone nje, kisha povu linakufa. Vitone hivyo hupimwa kwa pikolita, na tone moja la maji la kawaida lina pikolita milioni 50. Watengenezaji wa vifaa vya maabara waliazima mbinu hiyo kudondoshea kemikali ghali. Wengine hawagusi hata kimiminika: hukipiga kwa mawimbi ya sauti kutoka chini, na kitone cha nanolita 2.5 kikaruka juu.

Kuchota kidogo ni nusu ya kazi; nusu nyingine ni kuchanganya. Ndani ya mfereji mwembamba kama unywele, vimiminika viwili hupita ubavu kwa ubavu kama majirani waliogombana. Mhandisi Osborne Reynolds aliuona utulivu huo Manchester mwaka 1883, akitazama uzi wa rangi ukinyooka ndani ya maji yaendayo polepole. Kinachobaki cha kuvichanganya ni chembe kujipenyeza zenyewe. Sukari iliyoyeyuka huvuka upana wa unywele kwa kama sekunde 10, lakini sentimita moja, bila kijiko, huichukua zaidi ya siku nzima. Umbali ukizidi mara 100, muda huzidi mara 10,000. Kwa vile kijiko hakiingii humo, watafiti wa Harvard mwaka 2002 walichonga mifuo sakafuni mwa mfereji, imepangwa kama miba ya samaki, ili mkondo ujisokote wenyewe.

Na je, wajua kwamba mbu jike hunywa mikrolita 2 hadi 3 kwa mlo mmoja? Damu ya kipimo cha malaria, basi, ni kama chakula cha mbu wawili. Kichwani ana pampu mbili, na mrija wake ni mwembamba kuliko sindano yoyote ya hospitali. Anofelesi, aenezaye malaria, hutoa vitone vya majimaji kwa nyuma huku bado akinywa, ili tumboni zibaki chembe nyekundu kwa wingi.